Makuta yaliyokufa: noti za zamani zingali ndani ya masanduku ya Uvira

UVIRA – Asubuhi kwenye soko la Mulongwe, mama muuza ndagala anataja bei kwa franka za Kongo, jirani yake anaitaja kwa dola, na wa tatu, aliyevuka mpaka wa Kavimvira alfajiri, anapokea hata franka za Burundi. Lakini mteja akikosa cha kulipa, neno linalomtoka ni lilelile: "Sina makuta."

Makuta hayo yalikufa zamani. Likuta, sehemu moja ya mia ya zaire, ililetwa Juni 1967, na kupanda kwa bei kukaimeza muda mrefu kabla ya zaire yenyewe kuondolewa. Kijana wa Uvira aliyezaliwa baada ya mwaka 1998 hajawahi kununua hata sukari kwa makuta, ila neno hilo analitamka kila siku.

Neno limebaki sokoni, pesa zenyewe zimejificha. Ziko ndani ya masanduku ya chuma chini ya vitanda, katikati ya kurasa za Biblia, kwenye mikebe ya maziwa pamoja na vifungo na sindano. Katika nchi nyingi, mtu anayependa kukusanya noti na sarafu huanza kwa kununua: kiwanda cha pesa cha taifa lake humuuzia sarafu ya sherehe inayong'aa, ndani ya kisanduku chenye cheti. Kwenye pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, mkusanyo mwingi ulianza kwa hasara. Mtu alibaki na pesa ambazo dukani hazipokelewi tena, na moyo ukamkatalia kuzitupa.

Ndiyo maana noti hizo zinastahili kuangaliwa upya kabla mchwa, maji na uhamisho havijamaliza zilizobaki.

Kabla ya noti

Pesa za karatasi ni ngeni kwenye ziwa hili. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi Aprili 1858, biashara ilikwenda kwa vitambaa na shanga. Ng'ambo, sokoni Ujiji, shanga fupi zilizoitwa sofi, zenye umbo kama vipande vya shina la kiko, zilihesabiwa na kupokelewa kama tunavyohesabu noti leo. Msafiri aliyeingia sokoni na kitambaa alianza kwa kukibadilisha apate sofi, ndipo anunue chakula. Kwa maneno mengine, kazi ya kambisti ilikuwepo kabla ya banki.

Sarafu za kwanza zilizobeba jina la Kongo zilitengenezwa mwaka 1887, wakati nchi ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Zile ndogo za shaba, za sentimu 1, 2, 5 na 10, zilikuwa na tundu katikati na nyota upande mmoja. Kwa tundu hilo mtu aliweza kuzitunga kwenye kamba na kuzivaa au kuzifunga kiunoni. Wabelgiji waliendelea kutengeneza sarafu zenye tundu hata baada ya Kongo kuwa koloni la serikali mwaka 1908. Ndizo ambazo mpaka leo jembe huzifukua shambani, zimegeuka kijani kwa kutu.

Vita Kuu ya Kwanza ilileta pesa nyingine kwenye ziwa. Ng'ambo ya Ruzizi na ya ziwa ilikuwa Afrika Mashariki ya Wadachi, iliyotumia rupia na heller. Wadachi walipofungiwa njia ya bahari, waligeuza karakana ya reli huko Tabora kuwa kiwanda cha pesa. Mwaka 1916 walitengeneza sarafu za heller 5 na 20 zenye herufi T, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Za dhahabu zilitoka zaidi kidogo ya 16,000 tu. Mwaka huohuo askari wa Force Publique kutoka Kongo waliingia Usumbura, wakachukua Kigoma mwezi Julai na Tabora tarehe 19 Septemba. Ndiyo sababu heller za Tabora zimewahi kukutwa mbali na Tabora: askari na wapagazi walirudi nazo mifukoni.

Pesa moja pande mbili za Ruzizi

Leo mtu anayetoka Uvira kwenda Bujumbura hubadilisha pesa mpakani. Wazee wanakumbuka wakati ambapo hapakuwa na haja.

Baada ya Wabelgiji kupewa Ruanda-Urundi, franka ya Kongo ya Kibelgiji ilitumika pande zote mbili za Ruzizi. Kuanzia mwaka 1952 jambo hilo liliandikwa wazi kwenye pesa zenyewe. Banki iliyozitoa iliitwa Banki Kuu ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi, na sarafu zake zenye mchikichi zilibeba majina ya maeneo yote mawili. Sarafu hiyo ya mchikichi ni ya kawaida sana kwenye mikebe ya wazee wa ukanda huu. Watoto huichezea bila kujua kwamba wameshika ushahidi wa siku ambapo Uvira na Bujumbura zilikuwa na mfuko mmoja.

Kuna nyingine ambayo huwashangaza wengi: franka 2 ya mwaka 1943, ya rangi ya shaba ya njano, yenye pembe sita na picha ya tembo. Haikutengenezwa Ulaya. Ubelgiji ilikuwa chini ya majeshi ya Hitler tangu Mei 1940, kwa hiyo sarafu hizo zilitengenezwa Philadelphia, Marekani, zikavuka bahari wakati wa vita hadi Kongo.

Uhuru wa mwaka 1960 ulikata mfuko huo. Rwanda na Burundi zilipata banki yao ya pamoja, nayo ikavunjika mwaka 1964, na kila nchi ikachukua njia yake. Burundi ilianza kwa kupiga mhuri wa jina lake juu ya noti za zamani za pamoja. Ufalme ulipoondolewa Novemba 1966, noti za Banki ya Ufalme wa Burundi nazo zilipigwa mhuri wa jamhuri. Kwa wakusanyaji, noti za mihuri ndizo zenye utamu: karatasi moja inaonyesha serikali mbili.

Upande wa Kongo, Katanga ilipojitenga ilitoa pesa zake. Mwaka 1961 ilitengeneza sarafu za franka 1 na 5 zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande mwingine. Misalaba hiyo ilikuwa pesa ya kusini mwa Kongo kabla ya ukoloni. Hivyo nchi iliyodumu miaka isiyozidi mitatu iliweka pesa ya mababu juu ya pesa yake mpya.

Kutoka zaire 1 hadi milioni 5

Juni 1967, serikali ya Mobutu ilifuta franka na kuleta zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franka 1,000, ikagawanywa katika makuta 100 au sengi 10,000. Ilianza ikiwa na nguvu ya dola 2 za Marekani. Sarafu za kwanza zilikuwa sengi 10 yenye chui, likuta 1, na makuta 5 yenye uso wa Mobutu.

Pigo la kwanza ambalo wazee wengi hawajalisahau lilikuja Krismasi ya mwaka 1979. Tarehe 25 Desemba serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 zimekufa. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, na kiasi cha kubadilisha kiliwekewa mpaka. Katika mji wenye banki, watu walipanga foleni. Kwa mvuvi au mkulima wa kijiji kilicho mbali na banki, aliyeuza mazao na kuficha noti zake ndani ya nyumba, habari zilifika wakati muda unakwisha au umekwisha. Noti za zaire 5 na 10 za miaka ya 1970 ambazo bado zimo masandukuni mara nyingi ni akiba iliyochelewa kufika banki.

Halafu zikaja sifuri. Mwisho wa mwaka 1992 ilitokea noti ya zaire milioni 5, yenye Mobutu na chui wake kama ndugu zake zote. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi aliikataa, akisema si pesa halali. Wafanyabiashara wakamsikiliza. Januari 1993 askari walilipwa mishahara kwa noti hizo, wakaenda nazo sokoni, wakaambiwa hazipokelewi. Walichukua silaha. Kinshasa iliporwa, watu wengi waliuawa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa.

Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya: 1 kwa milioni 3 za zamani. Wakaaji wa Kasai waliikataa na kuendelea kutumia zaire za zamani, hivyo nchi moja ikawa na pesa mbili. Zaire mpya nayo haikudumu. Mwaka 1996 Mobutu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi ya kiume, na noti kubwa kubwa za laki na milioni zilizotolewa baadaye zilibatizwa na wananchi jina la ugonjwa wake: "prostati". Wakati huo vita vilikuwa vimeshaanza kwenye ukanda huu. Uvira ilianguka mikononi mwa AFDL mwishoni mwa Oktoba 1996, kabla ya Bukavu na Goma, na katika maeneo yaliyokuwa mikononi mwa waasi noti za "prostati" zilikataliwa.

Tarehe 30 Juni 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilileta franka ya sasa. Franka 1 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000.

Hapa inafaa kupiga hesabu. Ili kupata franka 1 ya mwaka 1998 kwa noti za zaire milioni 5, mtu angehitaji noti 60,000. Kwa sentimu 1 peke yake angehitaji 600. Lakini kama angeweza kurudi na noti moja tu mwaka 1967, siku zaire ilipozaliwa kwa bei ya dola 2, angekuwa na dola milioni 10. Karatasi hiyo moja inaeleza miaka 30 kuliko hotuba nyingi.

Franka yenyewe nayo imepita njia hiyohiyo. Ilipoanza, chini ya franka 2 zilitosha kwa dola 1. Miaka ya karibuni dola 1 imekuwa ikidai zaidi ya franka 2,000. Noti za sentimu za mwaka 1997 zimeshaingia kwenye mikebe: ya sentimu 1 yenye mama anayevuna kahawa na volkano ya Nyiragongo, za sentimu 5 na 10 zenye vinyago, na ya sentimu 50 yenye okapi. Hata noti ya franka 1, inayoonyesha Patrice Lumumba na wenzake wawili wakiwa wamekamatwa, haina kazi sokoni. Shujaa wa uhuru yuko juu ya karatasi isiyonunua hata kiberiti.

Sarafu za sherehe ambazo Uvira haikuziona

Wakati huohuo, kulikuwa na Kongo nyingine ya pesa, iliyong'aa, ambayo watu wa Uvira hawakuigusa.

Mwaka 1965 zilitengenezwa sarafu za dhahabu zenye uso wa Rais Joseph Kasavubu, kwa ajili ya miaka 5 ya uhuru. Novemba ya mwaka huohuo Mobutu alimwondoa Kasavubu madarakani. Burundi ilikuwa imefanya hivyo mwaka 1962: ilipopata uhuru ilitoa sarafu za dhahabu zenye uso wa Mwami Mwambutsa IV, naye miaka 4 baadaye hakuwa tena na kiti. Dhahabu ilibaki, wafalme na marais wakapita.

Mwaka 1975 Zaire iliingia katika mpango wa sarafu za kuhifadhi wanyama ulioungwa mkono na shirika la WWF. Nchi nyingi zilishiriki. Tanzania ilikuwa imetoa zake mwaka 1974: twiga kwenye shilingi 25, kifaru kwenye shilingi 50, na duma kwenye dhahabu ya shilingi 1,500. Za Zaire zilikuwa na sokwe wa milimani kwenye zaire 2 na nusu, okapi kwenye zaire 5, na chui kwenye dhahabu ya zaire 100. Zilitengenezwa Uingereza, zikauzwa kwa wakusanyaji wa nchi tajiri. Sokwe huyo anaishi mashariki mwa Kongo, lakini sarafu yake haikufika mashariki mwa Kongo.

Baada ya franka kurudi, biashara hiyo ilipanuka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, sarafu nyingi zenye maandishi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitokea kwenye maduka ya wakusanyaji ya Ulaya: za fedha zenye meli, wanyama na mambo mengine ambayo hata hayahusiani na Kongo, za kumkumbuka Papa Yohane Paulo II mwaka 2004, na hata sarafu ya mbao ya franka 5, ya mwaka 2005, yenye sokwe. Sarafu kama hizo huwa hivi: nchi inakubali jina lake litumike, kampuni ya nje inatengeneza na kuuza kwa bei iliyo mbali sana na thamani iliyoandikwa, na nchi inapata malipo yake. Si jambo haramu, na si Kongo peke yake inayolifanya. Lakini sarafu ya fedha yenye maandishi "franka 10" inauzwa kwa makumi ya dola huko nje, wakati franka 10 huku haipatikani hata kwenye mfuko wa mtoto anayekwenda kununua pipi.

Pesa ya ukumbusho iliyotoka kama noti ya kawaida ni ya franka 500, yenye tarehe 30 Juni 2010, ya miaka 50 ya uhuru. Hiyo haikuhitaji kisanduku wala cheti. Aliyeiweka pembeni siku hiyo badala ya kununua mkate alipata ukumbusho wa taifa kwa bei yake halisi.

Pesa nyingi za karatasi, tofauti na sarafu hizo za nje, zimechapishwa nyumbani pia. Banki Kuu ina kiwanda chake Kinshasa, Hôtel des Monnaies. Mwenye macho mazuri akitazama ukingo wa chini wa noti ataona herufi ndogo: HdMZ kwenye za Zaire, HdM kwenye za franka. Nyingine zina jina la Giesecke & Devrient, kampuni ya Munich nchini Ujerumani iliyochapisha pesa za nchi hii kwa miaka mingi. Noti mbili za thamani moja na tarehe moja zinaweza kuwa na wachapaji tofauti, na kwa mkusanyaji hizo ni noti mbili, si moja.

Mpakani hadithi haijaisha

Anayedhani kwamba pesa kufa mikononi ni mambo ya wakati wa Mobutu aulize makambisti wa Kavimvira. Tarehe 7 Juni 2023 Banki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa noti zake za franka 5,000 na 10,000 za zamani, na ikatoa siku 10 za kuzipeleka banki. Kwa mfanyabiashara wa Uvira aliyekuwa na akiba ya franka za Burundi lakini hana akaunti upande wa pili, siku 10 ni chache sana. Ilikuwa Krismasi ya mwaka 1979 tena, safari hii kutoka nchi ya jirani.

Tanzania nayo, ambayo shilingi zake huja na wasafiri wa Kigoma, ilitoa muda wa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti zake za zamani, nyingi zikiwa za kati ya mwaka 1985 na 2003. Baada ya siku hiyo, noti iliyosahaulika kwenye koti la safari imekuwa ya kumbukumbu tu.

Katika mji unaoishi kwa pesa za nchi tatu na dola juu yake, tangazo la banki moja linaweza kumfilisi mtu asiyeishi katika nchi hiyo. Hilo ndilo funzo la kwanza la noti za sandukuni, nalo si la historia peke yake: anayeweka akiba kwa pesa ya jirani asikilize redio ya jirani.

Je, zina bei?

Swali la kwanza la anayefungua sanduku la babu yake ni hilo. Jibu la ukweli huwavunja wengi moyo. Noti za zaire za miaka ya 1990 zilichapishwa kwa wingi mno, na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazo nyingi, tena mpya zisizo na mkunjo. Noti ya milioni 5 iliyochakaa haimtajirishi mtu. Hakuna banki itakayoibadilisha, na mtu anayedai kwamba kuna mahali inanunuliwa kwa maelfu ya dola, ila kwanza alipwe kidogo cha "kufungua faili", huyo ni tapeli.

Zenye bei ni chache. Dhahabu ya Tabora ya mwaka 1916 ni ghali sana, na kwa sababu hiyo inaigizwa sana. Sarafu kubwa za fedha za Leopold, noti za Kongo ya Kibelgiji za thamani kubwa zikiwa safi, na noti za Burundi za mihuri hutafutwa. Kinachoamua bei ni mambo matatu: ngapi zilibaki, ziko katika hali gani, na kama ni za kweli. Mwenye kitu anachodhani ni adimu asikiuze kwa mtu wa kwanza anayekisifia, na asikubali kipelekwe "kupimwa" mahali asikokujua.

Hali ndiyo inayoharibiwa zaidi nyumbani, mara nyingi kwa nia njema. Mtu anasugua sarafu kwa ndimu na majivu ili ing'ae, na kwa dakika moja anafuta miaka 80 na sehemu kubwa ya bei. Mwingine anaunga noti iliyochanika kwa gundi ya karatasi, nayo inageuka njano na kula wino. Mwingine anaifunga kwa plastiki ya moto kama kitambulisho, na haitatoka tena. Plastiki laini yenye harufu kali pia si nzuri, kwani kwa joto la pwani hutoa jasho na kushikamana na noti.

Njia nzuri ni rahisi. Sarafu iachwe na uchafu wake na ishikwe pembeni. Noti ilazwe bila kukunjwa kati ya karatasi nyeupe kavu, ndani ya bahasha, na bahasha iwekwe ndani ya mkebe unaofunga vizuri. Mkebe usiwekwe chini. Wakaaji wa Uvira hawahitaji kuambiwa sababu: Aprili 2020 mto Mulongwe uliingia ndani ya nyumba usiku, ukaua watu na kuacha maelfu bila makazi, na miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda na kumeza nyumba za ukingoni. Karatasi za familia zilikwenda na maji hayo. Zilizoponea maji, nyingine zilipotea katika kukimbia vita, maana anayekimbia na watoto mgongoni hachukui mkebe wa sarafu.

Kilichomo ndani ya bahasha

Kuna jambo moja ambalo mkusanyaji wa Ulaya, pamoja na sanduku lake la mbao na cheti chake, hawezi kulinunua. Noti ya zaire 10 iliyomo kwenye kabati lake ni noti tu. Noti hiyohiyo ikiwa Kalundu au Makobola ina mwenyewe: ni bei ya mbuzi aliyeuzwa Desemba 1979, ni mahari iliyokuwa inakusanywa, ni mshahara wa mwalimu uliofika ukiwa umeshakufa. Habari hiyo haikuchapishwa kwenye noti. Inakaa kichwani mwa mzee mmoja, na mzee akiondoka inaondoka naye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayerithi mkebe ni kuuliza: hii uliipata wapi, ungeweza kununua nini nayo, na kwa nini haikubadilishwa? Kisha aandike majibu kwa kalamu ya risasi juu ya bahasha, si juu ya noti: mwaka, mahali, jina la aliyeishika. Mwanafunzi wa Uvira ambaye hajawahi kuingia katika jumba la makumbusho anaweza kujifunza miaka 100 ya nchi yake kwa bahasha kumi za namna hiyo: Leopold, vita vya Wadachi, mfuko mmoja na Burundi, Kasavubu, Mobutu, sifuri zake, na Lumumba wa franka 1.

Sarafu za sherehe zilitengenezwa mbali na zikauzwa mbali. Zilizobaki huku hazina dhahabu. Lakini mama wa Mulongwe akisema kesho asubuhi kwamba hana makuta, mjukuu wake akifungua mkebe wa nyumbani ataweza kumwonyesha.